Siku 368 au wiki nne? Tovuti ya Olimpiki iliyomfungia nje asiyeona

Tarehe 7 Juni 1999, mwanamume mmoja wa Australia aitwaye Bruce Maguire alipeleka malalamiko kwenye Tume ya Haki za Binadamu na Fursa Sawa ya nchi yake. Hakuwa ameibiwa, hakuwa amepigwa, wala hakuwa amefukuzwa kazi. Olimpiki ilikuwa inakuja Sydney mwaka uliofuata, na yeye alitaka kufuatilia habari za michezo hiyo kama mtu mwingine yeyote. Alipoingia kwenye tovuti rasmi, akakwama.

Maguire hakuwa mgeni wa kompyuta. Hakuona tangu azaliwe, lakini kompyuta aliitumia vizuri tu, kwa msaada wa kifaa cha nukta nundu. Kifaa hiki ni kama kibao chembamba kinachokaa mbele ya kibodi, na juu yake kuna safu ya vipini vidogo sana. Kompyuta ikituma mstari wa maandishi, vipini vinainuka na kushuka kutengeneza herufi za nukta nundu. Msomaji anapitisha vidole, akimaliza anabonyeza kitufe, na vipini vinajipanga upya kwa mstari unaofuata. Penye maandishi, kifaa kinafanya kazi. Pasipo na maandishi, vidole havikuti kitu.

Sasa swali linakuja: iweje tovuti ya tukio kubwa kuliko yote ya michezo duniani, iliyojengwa na IBM, ishindwe kumpa mtu huyu maandishi? Mbona IBM hiyohiyo ndiyo iliyokuwa imetengeneza mojawapo ya programu za kwanza kabisa za kuwasomea kompyuta wasioona? Ili tuelewe, inabidi turudi nyuma kidogo, enzi ambazo skrini ya kompyuta ilikuwa nyeusi na haina picha hata moja.

Enzi ambazo herufi A ilikuwa namba 65

Kompyuta binafsi za miaka ya 1980 zilikuwa na skrini ya maandishi matupu. Ukifungua mashine unakutana na mistari 25, kila mmoja una nafasi 80 za herufi. Ndani ya kumbukumbu ya kompyuta kulikuwa na eneo maalumu, na kila nafasi ya skrini ilikuwa na namba yake humo. Herufi A ni 65, B ni 66, na kadhalika. Kadi ya skrini inasoma namba hizo na kuonyesha herufi.

Kwa mtu asiyeona, mpangilio huo ulikuwa neema ambayo hakuna aliyeipanga. Programu ndogo iliweza kwenda kwenye eneo hilohilo la kumbukumbu, ikachukua namba, ikazipeleka kwenye mashine ya kutoa sauti, na sauti ikasema: "A". Haikuhitaji kuona chochote, kwa sababu maneno yalikuwa pale yakisubiri. Programu ya namna hiyo ndiyo tunayoiita kisoma skrini.

Pale IBM, mwanahisabati Jim Thatcher alifanya kazi na Jesse Wright, mtu asiyeona ambaye alikuwa msimamizi wa tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan. Kwa wasomaji wetu mnaohangaika na wasimamizi wenu, oneni uhusiano wa msimamizi na mwanafunzi unavyoweza kuishia pazuri! Kazi yao ilizaa kisoma skrini cha IBM kwa kompyuta za DOS, kilichotoka mwaka 1986.

Mwingine alikuwa Ted Henter, mhandisi aliyekuwa pia mwendesha pikipiki za mashindano. Alipoteza uoni wake kwenye ajali ya gari mwaka 1978, akajifunza kuandika programu, kisha akaanzisha kampuni na mwenzake Bill Joyce. Mwaka 1989 wakatoa programu iitwayo JAWS, ambayo hadi leo ni mojawapo ya visoma skrini vinavyotumika zaidi duniani.

Tukumbuke jambo moja hapa, maana litajirudia. Waliofungua mlango huu walikuwa watu wasioona wenyewe, au watu waliokaa nao meza moja kila siku.

Skrini inageuka mchoro

Mwaka 1984 Apple walitoa Macintosh. Mwaka 1990 Microsoft wakatoa Windows 3.0, na mwaka 1995 Windows 95 ikaingia maofisini kote. Kwa wanaoona, haya yalikuwa maendeleo matupu: vidirisha, vipicha vidogo vya kubofya, kipanya cha kuzunguka nacho. Hakuna tena kukariri amri.

Lakini kiufundi kuna kitu kilibadilika ambacho wengi hawakukitambua. Skrini haikuwa tena orodha ya herufi. Ilikuwa uwanja wa nukta za rangi, maelfu kwa maelfu. Neno "Faili" juu ya dirisha halikuhifadhiwa pale kama herufi tano. Lilichorwa, kama vile fundi anavyochora jina la duka ukutani, na kilichobaki kwenye skrini ni rangi tu. Kisoma skrini kikienda kwenye kumbukumbu ileile kutafuta namba 65, kinakuta nukta nyeupe na nukta nyeusi.

Yaani watu waliokuwa na kazi zao, wanaandika barua, wanapanga hesabu, wanaandika programu, wakajikuta siku moja ofisi imehamia Windows na mashine imenyamaza. Hawakuwa wamepoteza uwezo wowote. Waliobadilisha mashine hawakuwafikiria.

Suluhisho lililopatikana lilikuwa la kijanja. Wahandisi waliweka programu yao katikati, kati ya programu nyingine na skrini. Programu ikitoa amri ya kuchora neno "Faili" kwenye kona ya juu kushoto, kisoma skrini kinaidaka amri hiyo kabla neno halijageuka rangi, kinaandika pembeni kwamba kona ya juu kushoto pana neno "Faili". Kidogo kidogo kinajenga ramani ya siri ya skrini nzima, ya maneno. Mtumiaji anasomewa ramani hiyo. Mwaka 1989 kampuni ya Berkeley Systems ilikuwa tayari imetoa kisoma skrini cha Macintosh kilichoitwa outSPOKEN. IBM walifuata, na JAWS ya Windows ikatoka mwaka 1995. Ilichukua hadi mwaka 1997 kwa Microsoft kutoa njia rasmi ya programu kujieleza zenyewe kwa visoma skrini.

Kwa hiyo mlango ulifunguliwa kwa bahati, ukafungwa kwa kusahau, ukafunguliwa tena kwa jasho. Na wakati huohuo, mlango mwingine ulikuwa unajengwa kule Geneva.

Mtandao ulizaliwa bila picha

Machi 1989, Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, aliwasilisha pendekezo la kuunganisha nyaraka kwa viungo. Huo ndio mwanzo wa mtandao wa tovuti tunaoutumia leo. Kurasa za mwanzo zilikuwa maandishi na viungo, basi. Kivinjari kimoja cha mapema, kilichoandikwa na mwanafunzi Nicola Pellow, kilifanya kazi kwenye skrini ya maandishi matupu. Kingine, Lynx cha Chuo Kikuu cha Kansas, vilevile. Mtu asiyeona aliyekuwa na kisoma skrini cha DOS aliweza kuingia mtandaoni na kusoma sawasawa na profesa wa fizikia aliyekaa jirani.

Februari 1993, kijana mmoja wa kituo cha kompyuta cha NCSA huko Illinois, Marc Andreessen, alipendekeza alama mpya ya kuingiza picha katikati ya ukurasa. Wapo waliosema tusubiri, tutafute njia bora zaidi. Hakusubiri. Kivinjari chake, Mosaic, kikatoka mwaka huohuo kikiwa na picha ndani, na dunia nzima ikakipenda. Tusimlaumu sana, maana bila Mosaic huenda mtandao ungebaki chuoni. Ila picha zikaanza kufanya kazi ya maneno. Kichwa cha habari kikawa picha, kitufe kikawa picha, na baadaye hata menyu nzima ikawa picha moja kubwa yenye viungo vilivyofichwa ndani yake, ukibofya hapa unakwenda kule.

Dawa yake ilikuwepo karibu tangu mwanzo. Toleo la pili la lugha ya HTML, lililochapishwa Novemba 1995, lilikuwa na sehemu ndogo ndani ya alama ya picha iitwayo alt. Unaandika alt="Ratiba ya michezo", na picha isipoonekana, maneno hayo yanasimama badala yake. Haya ndiyo maandishi mbadala. Na hayakuwekwa kwa ajili ya wasioona peke yao. Yalimfaa pia mwenye kivinjari cha maandishi na mwenye laini ya simu ya pole pole aliyezima picha ili ukurasa ufunguke. Wewe uliyewahi kuzima picha ili kuokoa bando unaelewa vizuri. Desemba 1997, toleo la HTML 4.0 likafanya alt kuwa lazima kwa kila picha.

Lazima, lakini kwenye karatasi. Ukiiacha, kivinjari hakikugombezi na ukurasa unafunguka vilevile. Mwenye tovuti haoni tofauti yoyote, kwa sababu tofauti iko upande wa mtu ambaye yeye hamwoni.

Kanuni zinaandikwa

Kuna watu waliliona tatizo mapema. Mkutano wa pili wa kimataifa wa mtandao ulifanyika Chicago mwaka 1994, na suala la watu wenye ulemavu likazungumzwa pale. Miongoni mwa waliokuwa mbele ni Yuri Rubinsky wa Kanada na Mike Paciello wa Marekani. Baada ya mkutano huo Gregg Vanderheiden wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliyekuwa ameshashughulikia teknolojia za watu wenye ulemavu tangu miaka ya 1970, aliandika mwongozo wa kwanza wa jinsi ya kujenga kurasa zinazofikika. Hiyo ilikuwa Januari 1995. Rubinsky alifariki ghafla mwaka uliofuata, lakini kazi haikusimama. Aprili 1997 shirika la W3C, linaloweka viwango vya mtandao, lilizindua mradi wake maalumu wa ufikikaji, na tarehe 5 Mei 1999 ukatoa kanuni kamili ziitwazo WCAG, toleo la 1.0. Zilikuwa kanuni 14 zenye vipengele 65 vya kukagua.

Kanuni ya kwanza kabisa inahusu nini? Maandishi mbadala ya picha.

Angalia tarehe sasa. Kanuni zimetoka tarehe 5 Mei 1999. Maguire amelalamika tarehe 7 Juni 1999. Mwezi mmoja tu umepita. Kwa mara ya kwanza, mtu asiyeona aliyefungiwa nje ya tovuti aliweza kuonyesha kipimo kilichoandikwa na wataalamu wa dunia na kusema: pimeni wenyewe.

Hesabu ya siku 368

Malalamiko ya Maguire dhidi ya kamati ya maandalizi ya Olimpiki yalikuwa na sehemu tatu. Mbili zilihusu vitabu: maelezo ya kununua tiketi kwa nukta nundu, na kitabu cha kumbukumbu cha michezo kwa nukta nundu. Ya tatu ilihusu tovuti, na hiyo ndiyo iliyoingia kwenye historia.

Alitaja mambo matatu. Kwanza, picha na picha zenye viungo hazikuwa na maandishi mbadala. Pili, kutoka ukurasa wa ratiba hakuweza kufika kwenye orodha ya michezo. Tatu, majedwali ya matokeo hayakusomeka.

Hilo la tatu linahitaji maelezo kidogo. Wewe unayeona ukitazama jedwali, jicho linapanda juu kwenye kichwa cha safu na kurudi chini bila hata kufikiri. Kisoma skrini kinapita kisanduku kimoja kimoja. Kama mjenzi hakuunganisha visanduku na vichwa vyake, unachopata ni msururu wa namba. Chukua mbio za mita 1500 za Sydney, ambazo Wakenya wengi hawajazisahau: Noah Ngeny alimpita Hicham El Guerrouj wa Moroko mwishoni kabisa, akashinda kwa dakika 3 na sekunde 32.07. Matokeo yenye safu moja ya muda unaweza kuyaelewa. Sasa fikiria jedwali la kumi kwa kumi, la michezo kumi katika siku kumi, nawe unasoma kwa vidole, mstari kipande kwa kipande.

Kamati ilijitetea. Ilisema kwamba orodha ya michezo inafikika kwa njia nyingine, ukiandika anwani kamili ya kila mchezo mwenyewe kwenye kivinjari. Halafu ikaleta hoja yake nzito, gharama. Sheria ya Australia ya mwaka 1992 inayokataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu ilimruhusu mtoa huduma kujitetea kwamba kurekebisha kungemtwisha mzigo usiostahili. Kamati ikasema kuna violezo 1,295 vya kurasa, kwamba mtu mmoja akifanya kazi saa nane kwa siku angehitaji siku 368, na kwamba gharama ingefika zaidi ya dola milioni 2 za Australia.

Siku 368! Ukisikia namba kama hiyo unakubali haraka. Inaonekana imepigiwa hesabu. Lakini sisi tuliozoea kusoma makala za kisayansi tunajua swali la kuuliza: mmepataje?

Upande wa Maguire ulileta wataalamu wawili, Tom Worthington wa Australia na Jutta Treviranus wa Kanada. Wao walisema idadi ya violezo ni ndogo sana kuliko 1,295. Walisema kurekebisha kimoja hakuchukui muda mrefu kiasi hicho, maana kiolezo ni kama kalibu ya matofali: ukirekebisha kalibu, kila tofali linalotoka baadaye limerekebishika. Kwa makadirio yao, timu ndogo yenye mtu mzoefu ingemaliza kazi ndani ya wiki nne.

Tarehe 24 Agosti 2000, Kamishna William Carter akatoa uamuzi. Alikubaliana na Maguire. Hoja ya mzigo usiostahili ikakataliwa, na kamati ikaagizwa kurekebisha tovuti ifikapo tarehe 15 Septemba 2000, siku ileile ya ufunguzi wa michezo. Siku hiyo Cathy Freeman aliwasha mwenge mbele ya dunia nzima. Tovuti ilikuwa imerekebishwa kwa sehemu tu. Michezo ikachezwa, ikaisha. Tarehe 6 Novemba kamati ikaamriwa imlipe Maguire fidia ya dola 20,000 za Australia.

Unaweza kusema alishinda. Ni kweli. Lakini fidia hairudishi ratiba ya michezo iliyokwisha. Alichokuwa anataka tangu mwanzo, kufuatilia Olimpiki ya nchini kwake wakati inaendelea, kwa ukamilifu hakukipata.

Gharama ya nani?

Ubishi ule kuhusu siku 368 na wiki nne una fundisho lisilohusu Australia peke yake. Pande zote mbili zilikuwa zinapigia hesabu gharama ya kubomoa na kujenga upya. Hakuna aliyekuwa anapima gharama ya kuandika maneno machache ndani ya alt siku picha inapowekwa, kwa sababu hiyo karibu haipo. Ni kama ngazi mlangoni mwa jengo. Ukimwambia fundi wakati wa msingi aweke mteremko kwa ajili ya kiti cha magurudumu, anabadilisha kidogo tu ramani. Ukimwambia baada ya jengo kuzinduliwa, atakuletea makadirio ya kutisha, na hatakuwa anadanganya. Gharama kubwa ni ya kuchelewa.

Na hapa ndipo ile kejeli ya IBM inapoeleweka. Ujuzi haukukosekana. Kampuni iliyokuwa na Jim Thatcher haiwezi kusema haikujua kwamba wasioona wanatumia kompyuta. Ila ujuzi ulikuwa chumba kimoja na tovuti ikajengwa chumba kingine. Maarifa yasipogeuzwa kuwa sharti la kazi, yanabaki makala kwenye maktaba.

Baada ya Sydney

Miaka iliyofuata mambo yalikwenda mbele. Nchini Marekani, chama cha wasioona kiliishtaki kampuni ya maduka ya Target mwaka 2006 kuhusu tovuti yake, na mwaka 2008 wakamalizana kwa kampuni kukubali kutenga dola milioni 6 za fidia. Desemba 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na ibara yake ya 9 inaitaja intaneti kwa jina. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Desemba 2008 likaja toleo la pili la kanuni za WCAG, lililopangwa juu ya mambo manne: ukurasa utambulike na milango ya fahamu, utumike, ueleweke, na uwe imara kwa vifaa mbalimbali.

Kwa hiyo msidhani suala ni la wasioona peke yao. Kiziwi anahitaji maandishi chini ya video. Mtu ambaye mikono yake inatetemeka anahitaji kufika kila kitufe kwa kibodi, bila kulenga kwa kipanya. Mwenye uoni hafifu anahitaji maandishi yaliyotofautiana vya kutosha na rangi ya nyuma, na kanuni inataka uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Mwenye kifafa anaweza kupata degedege kwa picha inayomweka, ndiyo maana kanuni inakataza mimweko zaidi ya mitatu kwa sekunde moja. Nyuma ya kila kipengele kuna fiziolojia, kuna mtu, na mara nyingi kuna malalamiko.

Jambo lingine lilitokea Australia hukohuko. Visoma skrini vizuri vilikuwa vya bei ghali, mara nyingine ghali kuliko kompyuta yenyewe. Mwaka 2006 kijana asiyeona, Michael Curran, alianza kuandika kisoma skrini cha bure kiitwacho NVDA, baadaye akaungana na rafiki yake James Teh, naye asiyeona. Leo mtu yeyote anaweza kukipakua bila kulipa. Mwaka 2009 iPhone ikaanza kuuzwa ikiwa na kisoma skrini ndani, na Android ikapata chake mwaka huohuo. Simu ambayo haina vitufe vya kupapasa, kioo kitupu, ikageuka kuwa chombo cha wasioona duniani kote.

Basi tumefika? Taasisi ya WebAIM ya Chuo Kikuu cha Utah State hupima kila mwaka kurasa za mbele za tovuti milioni moja zinazotembelewa sana. Mwaka 2019, asilimia 97.8 zilikutwa na makosa ya ufikikaji yanayoonekana na mashine. Mwaka 2025 zilikuwa asilimia 94.8. Miongoni mwa makosa yanayoongoza kila mwaka ni picha zisizo na maandishi mbadala. Kosa lilelile la Sydney.

Ukurasa wa Kiswahili unaosomwa Kizungu

Katika orodha hiyo ya makosa makuu kuna moja linalotuhusu sisi moja kwa moja. Ni ukurasa usiotaja lugha yake.

Mwanzoni mwa kila ukurasa wa tovuti kuna nafasi ya kuandika lugha. Kwa Kiswahili unaandika lang="sw". Herufi chache tu, hazionekani kwa msomaji. Lakini kisoma skrini kinazitegemea ili kuchagua sauti. Zisipokuwepo, au zikisema Kiingereza kwa sababu mjenzi alichukua kiolezo cha ughaibuni bila kukigusa, sauti ya Kiingereza inasoma maneno ya Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza.

Tuliwahi kukaa na mwenzetu wa shahada ya pili, asiyeona, akisikiliza tangazo la ufadhili la taasisi moja kwenye simu yake. Tangazo lilikuwa la Kiswahili kizuri kabisa. Sauti ikasoma "pole" kama nguzo ya Waingereza. "Wale" ikawa "weil". Mji wa Same kule Kilimanjaro ukawa "seim". Sisi tulicheka kwanza. Yeye hakucheka. Alirudisha nyuma, akasikiliza tena, akarudisha tena, mpaka akaotea tarehe ya mwisho ya kuomba. Kisha akatuambia kwamba kila siku ndivyo anavyosoma: nusu anasikiliza, nusu anabahatisha.

Kinachouma ni kwamba sauti ya Kiswahili ipo. Programu huria ya sauti iitwayo eSpeak, inayokuja pamoja na NVDA, inajua Kiswahili. Watu wa mbali, bila kulipwa na yeyote wa huku, walishafanya sehemu yao. Kilichobaki ni sisi wenye kurasa kuandika herufi mbili.

Tulipomaliza makala hii tulifungua blogu yetu wenyewe na kutazama ndani. Lugha ilikuwa imeandikwa Kiingereza. Picha kumi na moja hazikuwa na maandishi mbadala, ikiwemo grafu moja ambayo makala nzima inaitegemea. Tulirekebisha jioni moja, watu wawili, na chai ikiwa mezani. Grafu ndiyo iliyotuchukua muda, kwa sababu ili uielezee kwa maneno inabidi kwanza wewe mwenyewe ujue inasema nini.

Kama una tovuti, ya idara, ya chama, ya duka la shangazi, ifungue leo. Weka kipanya pembeni, tumia kibodi peke yake, uone kama utafika mwisho. Halafu uhesabu ilikuchukua siku ngapi kurekebisha. Tuna hakika hazitafika 368.